Kiputo Hakijui Habari za Kesho

Hotuba hii niliitoa jioni moja mbele ya wapenda sayansi na masimulizi. Waliokosa kufika wameiomba, nami naiweka yote kama ilivyosemwa, hata pale nilipokatizwa.

Ndugu zangu, mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja. Kabla sijasema neno lolote la maana, naomba kila mmoja ajimiminie chai. Birika ziko mbele yenu. Mimina, halafu usinywe. Najua kumwekea mtu chai na kumkataza kuinywa ni ukatili, lakini nivumilieni dakika mbili. Usikoroge. Usipulize. Tazama tu.

Mnaona nini?

(Sauti kutoka nyuma: "Chai!")

Naam, chai. Na juu ya chai? Viputo. Vingine vina ukubwa wa shanga, vingine ni vidogo kama chembe za chumvi. Sasa chagua kimoja kilichojitenga na wenzake, ukifuate kwa macho. Kwanza kimetulia. Kisha kinasogea polepole, kama mtu asiyetaka ajulikane kuwa ana haraka. Kikikaribia ukingo wa kikombe, mwendo unabadilika: kinachomoka mbio na kunata ukutani. Mmeona? Humu ndani hamna upepo. Nani amekisukuma? Nani amekiita?

Hilo ndilo swali langu la leo, na ni swali la zamani. Watu wa mataifa mengi walikitazama kiputo hiki kikitembea na wakasema: huyu ana habari. Anakuja na pesa, anakuja na mvua, anakuja na mpenzi. Mimi nimefundisha kemia miaka mingi, na mngetarajia nije hapa kuwacheka. Sikuja kuwacheka. Nimekuja kuwatetea nusu. Walitazama vizuri kuliko wengi wetu tunavyotazama. Kasoro yao ni kwamba walikiuliza kiputo swali ambalo hakina jibu lake.

Tuanze na jambo la kitoto: hewa iliyomo ndani ya kiputo imetoka wapi?

Sehemu yake ilikuwamo majini tangu mwanzo. Maji unayoyaona maangavu, kana kwamba hayana kitu, yana hewa iliyoyeyuka ndani yake. Ndiyo hiyo inayowaweka samaki hai. Ila hewa na sukari zina tabia zinazopingana. Sukari huyapenda maji ya moto, hewa huyapenda maji baridi. Lita moja ya maji ya nyuzi 0 za selsiasi huweza kushika miligramu 14 na ushee za oksijeni. Kwa nyuzi 20 hushika 9 hivi. Yakichemka barabara, karibu yote imekwisha toka. Ukijumlisha oksijeni na naitrojeni, kikombe kimoja cha maji baridi kimeficha hewa inayokaribia kujaza kijiko kidogo. Kijiko kizima cha hewa, na macho hayaioni!

Ndiyo maana ukiteleka sufuria, muda mrefu kabla ya kutokota, utaona vitone vya fedha vimejipanga chini na ubavuni. Wengi husema maji yameanza kuchemka. Hapana. Hiyo ni hewa inayofungasha virago. Mvuke wenyewe huja baadaye, na viputo vyake vya kwanza hupanda, vikakutana na maji ya juu ambayo bado hayajapata moto wa kutosha, vikafa palepale kwa kishindo kidogo. Vishindo hivyo vikiwa maelfu, unasikia birika likiimba. Birika likiacha kuimba na kuanza kunguruma, ujue viputo sasa vinafika juu vizima.

Huko China, katika karne ya 8, aliishi mtu aitwaye Lu Yu aliyeandika kitabu kizima kuhusu chai. Hakuwa na kipimajoto, maana hakuna aliyekuwa nacho wakati huo. Alikuwa na macho na masikio. Akaugawa mchemko katika hatua tatu kwa kuangalia viputo: kwanza vinakuwa kama macho ya samaki na sauti ni ya chini, kisha pembezoni vinapanda mfululizo kama lulu zilizotungwa, halafu maji yanavimba kama mawimbi. Baada ya hapo, kwake yeye, maji yamezeeka, hayafai kunywewa. Katika hatua ya pili aliteka kata moja ya maji na kuiweka kando, akatia chai katika yaliyobaki, na chungu kilipotaka kufurika akairudishia ile kata ili povu litulie. Povu hakulimwaga. Alilitunza! Kwake povu ndilo lililokuwa ua la chai. Shikeni hilo, nitalirudia.

Njia ya pili ya hewa kuingia ni mkono wako mwenyewe. Mkondo wa chai unapoanguka kutoka kwenye birika huburuta hewa ya pembeni na kuizamisha. Kadiri unavyomimina kutoka juu, ndivyo unavyozamisha hewa nyingi. Na yako mengine madogo: majani makavu yana vitundu vilivyojaa hewa, bonge la sukari vilevile, na vikilowa, hewa hiyo haina pa kukaa.

Mahali pa kuanzia ni jambo kubwa kuliko mnavyodhani. Kiputo hakipendi kuzaliwa katikati ya maji matupu. Hutafuta mkwaruzo, ufa, chembe ya vumbi, mahali ambapo tayari kuna kijifuko cha hewa. Haya nilikuwa nikiyafundisha darasani miaka na miaka, nikiyachora ubaoni kwa chaki ya rangi. Kisha asubuhi moja, nikiwa na haraka, nikaweka kikombe cha maji kwenye maikrowevu. Kikombe kipya, laini, hakina hata mkwaruzo. Nikakitoa, maji yametulia tuli, hayana kiputo hata kimoja. Nikajisemea, hayajapata moto. Nikadumbukiza mfuko wa majani.

Mnacheka. Aliyecheka kwanza ni mke wangu.

Maji yale yalikuwa yamepita nyuzi 100 bila kuchemka, kwa sababu hayakupata pa kuanzia. Mfuko wa majani, na vitundu vyake vyote, ukayapa maelfu ya milango kwa mpigo. Kikombe kililipuka povu mpaka kwenye kiwiko. Vidole vitatu vilibabuka, na kwa wiki nzima nilishika chaki kwa mkono wa kushoto, wanafunzi wakiuliza mwalimu amepatwa na nini. Niliwaambia ukweli, na sidhani kuna somo walilolielewa upesi kama lile. Basi ukitumia mashine hiyo, tia kijiti safi cha mbao ndani ya kikombe kabla ya kuwasha, na ukitoa, subiri kidogo kabla ya kuweka uso wako juu yake.

Sasa nawauliza jambo gumu zaidi. Hewa tumeipata. Kwa nini viputo vinakaa?

Chukueni zile glasi tupu, mmimine maji ya moto matupu, kutoka juu, kwa fujo. Viputo vimetokea? Vimetokea. Viko wapi? Vimekwisha! Sasa rudisheni macho kwenye chai. Vile vya mwanzo bado vipo, na mimi nimeshasema maneno mengi. Maji ni yaleyale, moto ni uleule. Kwa hiyo jani la chai limeongeza kitu.

Limeongeza vitu kadhaa, na kimojawapo ni jamii ya kemikali ziitwazo saponini. Jina hilo limetokana na neno la Kilatini la sabuni, na halikukosewa. Mbegu za mti wa chai zina saponini nyingi mno kuliko majani, na unga wa mbegu hizo umetumika kuoshea nywele. Katika majani zimo kidogo, pamoja na protini kidogo, lakini kwa kazi ya povu kidogo kinatosha. Molekuli ya namna hii ina ncha mbili zisizopatana: moja huyapenda maji, nyingine huyakimbia. Itakaa wapi ili ncha zote mbili ziridhike? Mpakani. Kichwa majini, mkia hewani. Zikijipanga mpakani, uso wa maji unalegea; maji peke yake yana uso uliokazika mno, na kiputo chake hupasuka upesi. Uso uliolegea unavutika, unapinda, unavaa kiputo kama ngozi.

Na habari ya ngozi hii ya maji, nani alitufungulia mlango wake? Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu huyu ninampenda.

Aliitwa Agnes Pockels, Mjerumani, aliyezaliwa mwaka 1862. Aliishi mji wa Braunschweig. Alipenda fizikia, lakini wakati huo vyuo vikuu vya kwao havikuwapokea wanawake. Mdogo wake wa kiume, Friedrich, alikwenda chuo. Yeye alibaki nyumbani kuwauguza wazazi na kuendesha jiko. Na jikoni kuna nini? Vyombo vya kuosha. Maji yenye sabuni, maji yenye mafuta, maji yenye uchafu. Wewe na mimi tukiyaona maji hayo tunatafuta pa kuyamwaga. Yeye aliyatazama.

Akiwa msichana wa miaka ishirini hivi alijitengenezea kifaa chake: karai refu la bati lililojaa maji mpaka ukingoni, na ukanda wa bati uliolazwa juu ya uso wa maji, ambao angeweza kuusogeza na kuufinya uso huo, yaani kuzisonga chembe za mafuta au sabuni zilizotandaa juu yake. Kisha akapima nguvu inayohitajika kung'oa kisahani kidogo kilichogusa maji. Akaona kwamba uchafu ukiwa umetawanyika, uso wa maji haujali. Ukiendelea kuufinya, unafika kikomo fulani ambapo ghafla uso unaanza kulegea. Alikuwa amezifinya mpaka zikasimama bega kwa bega.

Alikaa na kazi hiyo karibu miaka kumi bila mtu wa kumsikiliza. Mwaka 1891 akajipa moyo, akamwandikia barua mwanafizikia mkubwa wa Uingereza, Lord Rayleigh, aliyekuwa akichunguza mambo hayohayo. Mwandikiwa angeweza kuitupa. Barua ya mtu asiyemjua, mwanamke, hana shahada, anazungumzia karai la maji! Badala yake ilitafsiriwa kwa Kiingereza, na Rayleigh akaipeleka kwenye jarida la sayansi la Nature, likaichapa Machi mwaka huohuo kwa jina la mwenyewe. Miaka mingi baadaye Mmarekani Irving Langmuir aliendeleza kifaa cha namna ile, na mwaka 1932 akapata tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi yake juu ya nyuso. Mwaka huohuo Agnes Pockels, akiwa na miaka 70, alipewa shahada ya heshima na chuo cha mji wake. Alifariki mwaka 1935.

Kwa hiyo ukiona kiputo cha chai kinakataa kupasuka, ujue tunajua sababu yake kwa kuwa binti mmoja hakuyamwaga maji ya kuoshea vyombo.

Nimeahidi kurudi China. Kutoka kwa Lu Yu ruka miaka mia tatu na zaidi, mpaka zama za ukoo wa kifalme wa Song. Chai sasa inasagwa unga laini, inatiwa bakulini, inamiminiwa maji ya moto na kupigwa kwa mchapo wa mwanzi mpaka inafura povu. Watu walishindana! Bakuli lilikuwa jeusi ili weupe wa povu uonekane. Wawili wanapiga chai, kisha wanakaa kitako, wanatazama. Ambaye povu lake linaachia ukuta wa bakuli kwanza, mstari wa maji ukaonekana, ameshindwa. Hebu fikirini mchezo ambao washindani wanakaa kimya wakingoja povu!

Na bingwa wa mambo haya alikuwa mfalme mwenyewe, Huizong, aliyeshika kiti mwaka 1100. Mwaka 1107 aliandika risala kuhusu chai, akaeleza jinsi ya kumimina maji mara saba, kila mara mkono ukibadili namna ya kupiga. Povu likifikia ubora wake, likashikilia ukuta wa bakuli lisiteleze, lilikuwa na jina: linang'ata bakuli. Mfalme aliyejua povu kiasi hicho hakujua majeshi ya kaskazini. Mwaka 1127 Wajurchen walimteka yeye na mwanawe, na akafia utumwani mwaka 1135. Sisemi povu lilimponza. Alikuwa na makosa mengine.

Mwaka 1391 mfalme wa kwanza wa ukoo wa Ming aliamuru chai ya kodi iletwe ikiwa majani, si mabonge yaliyoshindiliwa. Majani yakaanza kulowekwa tu, na povu likapoteza cheo chake huko. Wajapani walikuwa wamekwisha chukua ufundi wa kupiga chai, wakabaki nao hadi leo. Kitu kilekile, kwa mmoja kilikuwa ua la chai, kwa mwingine kikawa takataka ya kuenguliwa kwa mfuniko.

Haya, sasa tuje kwenye pesa. Naona mmekaa sawa.

Uingereza na Marekani ilienea imani kwamba viputo juu ya chai ni pesa inayokuja. Lakini haiji yenyewe: sharti uviteke kwa kijiko na kuvinywa kabla havijapasuka. Wengine walisema si pesa, ni mabusu, idadi ya viputo ndiyo idadi ya mabusu. Kijiti cha jani kikielea, ni mgeni. Huko Japani kijiti kikisimama wima ndani ya kikombe ni fali njema, na inasimuliwa kwamba habari hiyo ilianzishwa na wachuuzi waliotaka kuuza chai ya bei rahisi iliyojaa vijiti. Sijui kama ni kweli, ila kama ni kweli, mchuuzi huyo alikuwa na akili kuliko sisi sote humu.

Hizo ni za kuchekesha. Iliyonikalia mimi ni ya mvua. Katika chai na katika kahawa, wazee walisema: viputo vikikaa katikati ya kikombe, hali ya hewa itakuwa nzuri, vikikimbilia ukingoni, mvua. Wengine walidondosha bonge la sukari na kuangalia viputo vyake vinakwenda wapi. Na hii ina sura ya sayansi, sivyo? Nimesikia hata wasomi wakiitetea: kanda ya hewa nzito ikija huukandamiza uso wa chai, hewa nyepesi ya kabla ya mvua huuachia, basi umbo la uso linabadilika. Maneno yamepangika. Lakini kaeni mezani mpige hesabu. Kati ya siku ya jua na siku ya dhoruba, kanieneo ya hewa, yaani nguvu inayokandamiza, hubadilika kwa asilimia chache tu, na hukandamiza uso wote kwa usawa, katikati na pembeni. Umbo la uso wa chai linaamuliwa na uzito wa chai, ukazo wa uso wake, na jinsi chai inavyoshikana na kikombe. Mawingu hayamo katika orodha hiyo.

Basi nani amekiita kiputo ukingoni? Inamisheni vichwa, mtazame mahali chai inapogusa kikombe. Si tambarare. Chai imepanda ukutani milimita chache, kama shuka lililoinuliwa pembeni. Kiputo ni chepesi, daima kinatafuta mahali pa juu zaidi, na mahali pa juu zaidi kwenye kikombe chako ni pale ukutani. Hakitembei, jamani, kinapanda kilima! Na kilima kinazidi kuwa kikali kadiri kiputo kinavyokaribia ukuta, ndiyo maana mwishoni kinachomoka mbio. Viputo viwili navyo huvutana kwa sababu hiyohiyo: kila kimoja kimejiinulia kichuguu kidogo cha maji, na mwenzake anakipanda. Mwaka 2005 watafiti Dominic Vella na L. Mahadevan walieleza hesabu yake vizuri, wakianza na nafaka za kifungua kinywa zinazoelea kwenye bakuli la maziwa.

Sasa tumwite shahidi. Mzee wangu pale meza ya mbele, uliyejaza kikombe mpaka tukaogopa, usikiguse. Mama uliye karibu naye, mwongezee matone, taratibu, kwa kijiko, mpaka chai ivimbe juu ya ukingo bila kumwagika. Taratibu. Hivyo hivyo. Sasa uso wake umekuwa na mgongo: juu ni katikati, pembeni ni mtelemko. Viputo vinaelekea wapi?

(Mzee: "Vinaondoka! Vinakuja kati!")

Vinakuja kati! Mzee wetu ametabiriwa jua, na jirani yake mwenye kikombe nusu ametabiriwa mvua, na wamekaa meza moja. Aliyekoroga sasa hivi atavikuta vinazunguka kati kwa muda, kisha vikitulia vinakimbilia pembeni: jua asubuhi, mvua mchana, ndani ya dakika moja. Kiputo hakidanganyi. Kinaeleza kikombe kimejazwa kiasi gani, mkono umemimina kutoka juu au chini, umekoroga au hujakoroga. Habari zake zote ni za jambo lililokwisha tokea.

Na tazameni kichekesho chake: ukingo uleule ambao kwa mfalme Huizong povu likiung'ata ni ushindi, kwa mwingine ni ndege mbaya.

(Hapa dada mmoja aliuliza kama si kweli kwamba mapovu ya chai ni dawa ya wadudu iliyobaki kwenye majani.)

Asante dada, nilijua litakuja, kwa sababu hii ndiyo ramli ya zama zetu. Zamani povu lilileta pesa, leo linaleta sumu. Povu peke yake si ushahidi wa dawa. Chai iliyolimwa bila dawa yoyote itatoa povu vilevile, kwa ajili ya saponini na protini nilizozitaja. Na chai yenye mabaki ya dawa inaweza isitoe povu la ajabu hata kidogo. Mabaki ya dawa hupimwa maabara; kijiko hakiyapimi. Unataka kuliengua povu kwa sababu hulipendi? Liengue. Ila usidhani umeengua sumu.

Lakini kuna kitu kingine juu ya chai ambacho watu hukichanganya na povu, nacho si povu. Ni ule utando mwembamba, wa kahawia unaong'aa, unaotokea chai ikisimama, na ukiugusa kwa kijiko unapasuka vipande kama barafu ya ziwani. Huo haupendi maji laini. Mwaka 1993 Michael Spiro na Deogratius Jaganyi, waliokuwa chuo cha Imperial London, walichapisha katika jarida lilelile la Nature uchunguzi wa utando huo: unahitaji maji magumu, yenye kalsiamu na bikaboneti, na hewa ya kukutana na kemikali za majani ya chai juu ya uso. Ndani yake mmekutwa kaboneti ya kalsiamu pamoja na mabaki ya kemikali za majani. Kamua limau, utando hautokei. Tumia maji yaliyochujwa madini, hautokei. Mimi nyumbani nautumia kama kipimo: nikienda mahali pageni, nikimimina chai, utando ukitanda, najua kabla ya kuuliza kwamba chombo cha kuchemshia maji cha mwenyeji kina ukoga mweupe ndani. Mwenyeji hushangaa nimejuaje. Hiyo ndiyo ramli pekee ninayoipiga.

Sasa mnaweza kunywa. Imepoa, samahani sana.

Ila naona wawili watatu pale wameshika vijiko na wanavifukuza viputo, na sitawazuia, pesa ni pesa. Tatizo lenu ni kwamba kila mkikigusa kinapasuka, sivyo? Kijiko kikavu huinyonya ile ngozi na kuitoboa. Kilowesheni kwanza kwenye chai, chote, mbele na nyuma, halafu mkipitishe chini ya kiputo, msikiguse kutoka juu. Kama kikombe au kijiko kina mafuta, futeni kwanza, mafuta huivunja ngozi.

Enhe. Dada amekipata. Kinywe upesi.